Asiyejua Anyooshe Viwili

Jengo la madarasa lilikuwa limepata nyufa za kuingiza mkono. Mafundi waliokuja kulikagua walisema watoto wasirudi humo mpaka kuta zijengwe upya. Basi ikaamuliwa wasome nyumbani kwa simu, na walimu wapewe muda wa kujifunza namna ya kufundisha watoto wasiowaona.

Mafunzo yalifanyika katika kijumba cha karibu na lango, ambacho kilikuwa kizima. Upande mmoja ni chumba cha walimu, upande wa pili ofisi ya mwalimu mkuu, na katikati ukuta wa mbao.

Mkufunzi alikuwa kijana mpole aliyebeba nyaya zake katika mfuko wa mkate. Siku ya kwanza aliwaambia walimu wasiiogope mashine, maana mashine huzoeleka. Waogope watoto. Darasani ukigeukia ubao wakaanza kucheza, utasikia viti. Kwenye simu mtoto anaweza kuwepo na asiwepo, na jina lake likabaki pale linakutazama.

Kwa hiyo akawatungia mchezo. Mwalimu mmoja angeingia katika ofisi ya mwalimu mkuu, akae mbele ya kompyuta na kufundisha. Wenzake wangebaki katika chumba cha walimu, kila mmoja na simu yake, wawe wanafunzi. Mkufunzi alimpa kila mtu tabia yake kwa kumnong'oneza sikioni. Wewe simu ni ya mama yako na mama anaitaka. Wewe mdogo wako analia. Wewe umeamka sasa hivi na hujanawa.

Walimu waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Maisha yao yote ya kazi walikuwa upande wa kukemea, sasa wameruhusiwa kuwa watundu, na utundu wote waliujua. Mwalimu wa michezo alikula maandazi kipindi kizima mbele ya kamera, na alipoulizwa swali akajibu kwa mdomo uliojaa. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alijifunika shuka akasema anaumwa tumbo. Waliocheka walicheka hadi wakashika mbavu.

Aliyewashinda wote alikuwa Sindano. Huyo alifundisha hesabu, na jina alipewa na wenzake kwa sababu ya wembamba wake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi. Mashine haikumsumbua. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita pembeni akamwambia kwamba mafunzo yakiisha atamfanya msimamizi wa vipindi vyote vya mtandaoni, ila asimwambie mtu. Sindano alimwambia binti yake tu, na binti yake akaiambia mitaa yote.

Siku moja zamu ikawa ya Bibi Chaki.

Bibi Chaki alifundisha darasa la pili, kusoma na kuandika, na jina hilo lilikuwa la watoto. Vidole vyake vilikuwa vyeupe hata akinawa kwa sabuni. Alikuwa na mtindo wake ambao kila mtoto aliyepita kwake aliondoka nao. Akiuliza swali husema, anayejua anyooshe kidole kimoja, asiyejua anyooshe viwili. Hivyo hakuna mkono uliobaki chini, na hakuna aliyepata pa kujificha. Watoto walinyoosha viwili bila aibu, kwa sababu aliwaita wenye viwili kwanza.

Ndiye aliyempokea Sindano alipoanza kazi. Darasa lake la kwanza lilimcheka mpaka akatoka kwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Bibi Chaki aliingia mle darasani, akasimama tu mbele ya watoto bila kusema neno, kisha akatoka akamfuata pale kwenye tangi. "Wamechoka kucheka," alimwambia. "Nenda." Tangu hapo Sindano alimwita mama. Sasa binti yake alikuwa darasa la pili, kwa Bibi Chaki huyo huyo.

Kompyuta ilimtesa Bibi Chaki. Vitufe alivigusa kama mtu anayegusa sufuria kuona kama imepoa. Lakini alikuwa amejizoeza nyumbani kwa kompyuta ya mwanawe, na siku ya zamu yake alikuja amevaa gauni la sikukuu, akasema akishindwa angalau atakuwa amependeza.

Mkufunzi alimnong'oneza Sindano: mtandao wako unakatikakatika. Alimpa yeye peke yake tabia hiyo. Sindano ndiye aliyeikuza. Mkufunzi alipokwisha kwenda ofisini kukaa nyuma ya Bibi Chaki, yeye aliandika kwenye kikundi chao cha simu kwamba swali la kwanza likiulizwa atahesabu mpaka tatu, na wote watoke kwa pamoja, waone mama atafanyaje. Hakuwa na ubaya moyoni. Ilikuwa mchana, watu wamechoka, na tangu asubuhi kila aliyecheka alikuwa amechekeshwa na yeye. Alitaka waendelee.

Bibi Chaki alifundisha vizuri. Aliwasomea hadithi ya paka, kwa ile sauti yake ya kupanda na kushuka, akiwa amekisogeza kitabu karibu mno na kamera hivi kwamba paka alionekana sikio tu. Asubuhi mama mwenye nyumba ameingia jikoni. Kikombe chake kiko chini, vipande vipande. Paka hayupo. Paka yuko kabatini.

"Haya," alisema Bibi Chaki. "Nani anajua kwa nini paka amejificha? Anayejua anyooshe..."

Sindano aliinua mkono akahesabu kwa vidole. Kimoja, viwili, vitatu. Wakatoka wote.

Walijibana midomo. Mwalimu wa michezo alificha uso ndani ya koti. Upande wa pili wa mbao wakasikia sauti ya Bibi Chaki: "Watoto?" Kisha tena, kwa chini kidogo: "Watoto, mko wapi?" Hapo kicheko kikawaponyoka baadhi yao. Halafu wakasikia, "Samahani, watoto. Samahani sana. Nimebonyeza nini mimi?"

Kicheko kilikufa kwa mmoja, kikafa kwa mwingine. Mpango ulikuwa warudi papo hapo, waseme ni mchezo, na yeye awatukane kidogo kama kawaida yake, yaishe. Kidole gumba cha Sindano kilikuwa tayari juu ya kioo cha simu. Lakini mlango ulifunguka, akaingia mkufunzi, na nyuma yake mwalimu mkuu aliyekuwa akipita tu na kikombe chake cha chai.

Mkufunzi hakuwa na hasira. Alitaka kujua kama ni mashine. Akauliza, "Mmetoka wenyewe, au mmetolewa?"

Wote walimtazama Sindano. Mwalimu mkuu naye alimtazama, kwa ule utulivu wa mtu anayemwangalia fundi wake na kujua kwamba jibu litapatikana. Neno la kweli lilikuwa fupi na alikuwa nalo mdomoni.

"Tumejikuta nje tu," alisema.

Mkufunzi akatikisa kichwa, akasema basi Bibi Chaki atakuwa amegusa mahali, akarudi ofisini. Baada ya muda mfupi Bibi Chaki alipita katika chumba cha walimu kuchukua mkoba wake. Mkufunzi alimsihi waanze upya, yeye akakataa kwa adabu. Pale mlangoni aligeuka. "Mnisamehe wanangu, nimewatupa nje wote," alisema. Mtu mmoja alimjibu asijali. Sindano alikuwa anaitazama simu yake kana kwamba kuna ujumbe.

Kesho yake Bibi Chaki hakuja. Kesho kutwa pia hakuja.

Mwalimu wa michezo alisema mama yule ana mambo yake, atarudi, na kwamba mchezo ulikuwa wa wote, kwa hiyo Sindano asitembee na uso wa msiba. Alisema hivyo kumfariji. Sindano aliona ni kweli kwamba walitoka wote, ila lile neno alilolisema mbele ya mwalimu mkuu halikuwa la wote. Hilo lilitoka kinywani mwake peke yake.

Nyumbani alimkuta binti yake amepanga kandambili na viatu ukutani, safu tatu, anavifundisha. Anayejua kimoja, asiyejua viwili. Kiatu kimoja cha Sindano kilikuwa kimewekwa mbali, kikitazama ukuta.

"Hicho kimefanya nini?" alimuuliza.

Mtoto akasema kimetoroka. Halafu akataka kujua kama Bibi Chaki atakuwa anaonekana kwenye simu ya mama mzima mzima au kichwa tu, na kama ataweza kuona vidole. Sindano alimwambia ale kwanza. Mtoto akasema ameshakula. Sindano akamwambia aoge.

Siku iliyofuata mwalimu mkuu aliwakusanya. Alisema Bibi Chaki ameomba kustaafu mapema, na kwamba alijaribu kumzuia akashindwa. Mama amesema hataki kuwa mwalimu anayefukuza watoto bila kujua. Barua yake iko dawatini, mwisho wa wiki itapelekwa juu, na ikishapelekwa hairudi. Kisha akamgeukia Sindano. Darasa la pili atalichukua yeye pamoja na kazi yake. "Si una mtoto humo?" alisema. "Utakuwa unawafundisha wote kwa mkupuo."

Watu walimpongeza. Mmoja alimshika bega. Sindano alijihisi kama mwizi anayesindikizwa mpaka mlangoni na mwenye nyumba, tena akibebewa mzigo.

Alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda kwa Bibi Chaki.

Ilikuwa nyumba ndogo yenye baraza la saruji na maua katika makopo ya rangi. Bibi Chaki alikuwa anafagia. Sindano alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa apite na viatu vyake kwa kuwa leo hapajapigwa deki. Hakuonekana mgonjwa wala mwenye kinyongo. Kabla Sindano hajakaa sawasawa, tayari aliwekewa mapajani boksi lililojaa herufi zilizokatwa kwa makaratasi magumu ya maboksi ya sabuni, kila herufi kubwa kama kiganja.

"Chukua, utazihitaji. Waonyeshe moja moja, usiwape zote, watazigombania." Akainua R yenye alama za meno pembeni. "Hii aliing'ata mwanao. Nilimuuliza tamu, akasema ina chumvi."

Sindano alijaribu kucheka. Macho yake yalikuwa yameshaiona kompyuta mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama watu wanavyofunika redio. Bibi Chaki akaona anaitazama, akakiondoa kitambaa. Vitufe vingi vilikuwa vimebandikwa vipande vidogo vya plasta, ile ya kufungia vidonda. Vilivyobaki wazi vilikuwa vichache.

"Nimeviziba vyote nisivyovijua," alisema Bibi Chaki. "Ili mkono usipotee tena. Mwanangu akiona atanicheka. Lakini kile cha kufukuzia watoto sijakipata mpaka leo. Kiko wapi? Nionyeshe tu, hata kama sifundishi tena. Nataka nikijue."

Sindano aliitazama ile plasta. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kwa uangalifu, kila kipande sawa na kitufe chake.

"Hakuna, mama."

"Hakuna vipi? Nilikibonyeza."

"Hukubonyeza kitu. Tulitoka wenyewe. Mimi ndiye niliyewahesabia."

Bibi Chaki alikaa. Nje mtu alipita na baiskeli iliyokuwa ikilia mnyororo, wakaisikia mpaka ilipofika mbali.

"Wote?"

"Wote."

"Hata mwenzangu wa darasa la kwanza?"

"Hata yeye. Lakini mpango ulikuwa wangu."

Mama yule akaivuta kompyuta karibu, akaanza kubandua plasta kwa kucha, moja moja, na kuzipanga kwenye ukingo wa meza. Alibandua kadhaa kabla ya kusema.

"Watoto wananitoroka tangu wewe hujazaliwa. Wametoroka dirishani, wametoroka kwa kisingizio cha choo, mmoja alijificha kwenye gunia la mipira akabebwa mpaka uwanjani. Kwa kutoka sikulaumu. Nilijua mnacheka, ukuta wenyewe ni mbao. Nilidhani mnacheka kwa kuwa nimekosea." Akabandua nyingine. "Halafu yule kijana alikuja kuwauliza."

"Ndiyo."

"Ukasema mmejikuta nje."

"Ndiyo, mama."

"Nilikusikia. Na nikaamini, kwa sababu umesema wewe."

Sindano alitamani agombezwe. Alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima, ameshajua atapiga magoti wapi. Maneno aliyokuja nayo yakaonekana ya mtu mwingine. Akasema amekosa, akasema hajalala vizuri, akasema kila siku alitaka kuja.

"Umemwambia nani mwingine?" Bibi Chaki alimkatiza.

"Bado sijamwambia mtu."

"Basi hujafanya kitu. Umekuja kuutua mzigo wako mezani kwangu, na meza yenyewe unaiona ilivyojaa." Alisimama akachukua ufagio wake. "Hizo herufi nenda nazo. Sijasema nimebadili nia."

Asubuhi Sindano aliwaambia wote, katika chumba kile kile, akiwa amesimama karibu na ukuta wa mbao. Alisema kwa sauti ndogo mpaka mwalimu mkuu akamwomba arudie. Aliporudia ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa mara ya pili hakukuwa na anayeweza kudai hakusikia vizuri. Mwalimu wa darasa la kwanza alianza kujifuta macho. Mkufunzi alikunja na kukunjua waya mmoja, akasema ni yeye aliyepaswa kwenda kuangalia zile simu badala ya kuuliza. Mwalimu wa michezo alilalamika kwamba Sindano angewaambia kwanza ili wajipange. Wajipange kusema nini, hakueleza.

Mwalimu mkuu alivua miwani. Alisema barua itakaa dawatini kwa siku chache, kama mwenyewe atakubali kujaribu tena. Kuhusu habari ya msimamizi, alisema ataiangalia upya, na Sindano akajua imekwisha. Hakuumia alivyotarajia. Kilichomuumiza ni kwamba mwalimu mkuu aliposema hivyo hakumtazama usoni.

Mkufunzi alikwenda mwenyewe kumwomba Bibi Chaki. Alirudi na masharti. Atafundisha akiwa nyumbani kwake, na wanafunzi wote wawe majumbani mwao, kila mtu na ukuta wake. Na Sindano lazima awemo. Mkufunzi naye alikuwa na sharti lake, lile alilowapa wote. Mtoto akipotea katikati ya kipindi, mwalimu aonyeshe kwamba anajua la kufanya. Akiachwa apotee, kipindi hakihesabiki, na Bibi Chaki alisema kisipohesabika barua iende.

Siku ya kipindi Sindano alikaa mezani mapema, simu imejaa chaji, imeegemezwa kwenye boksi la herufi. Alikuwa amechana nywele na kuvaa kama anakwenda kazini. Binti yake aliruhusiwa kukaa pembeni kwa ahadi ya kutosema kitu, na akaziba mdomo kwa mikono yote miwili kabla hata ya kuambiwa.

Bibi Chaki alitokea kwenye kioo mzima mzima, kitabu kikiwa umbali wa kutosha, paka akionekana mpaka mkia. Alisema habari za asubuhi, akamwita kila mmoja kwa jina. Alipofika kwa Sindano alisimama kidogo, halafu akaendelea. Alisoma. Mama mwenye nyumba ameingia jikoni. Kikombe kiko chini, vipande vipande. Paka yuko kabatini.

"Haya. Nani anajua kwa nini paka..."

Uso wake uliganda, mdomo wazi. Kisha kioo kikawa cheusi, na kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati.

Sindano aliitikisa simu. Akaizima, akaiwasha. Akaenda nayo dirishani, akaipeleka mlangoni, akatoka nayo nje kandambili moja ikibaki ndani. Kiduara kilizunguka. Ilikuwa pale pale, swali lile lile, karibu neno lile lile. Nani angeamini? Yeye mwenyewe, kama angekuwa upande wa pili, asingeamini. Alimwona mkufunzi anahesabu majina na kukuta moja limepungua. Aliiona barua inatoka dawatini.

Alikimbia mpaka kwa kinyozi wa pale kwenye kona, ambako watu husema mtandao hushika vizuri, akapanda ngazi ya kibanda na kuinua simu juu ya kichwa. Kinyozi alisimamisha mashine yake juu ya mteja aliyekwisha kunyolewa nusu.

"Mwalimu, kuna moto?"

Simu ikalia mkononi mwake. Haikuwa ya mtandao, ilikuwa simu ya kawaida, ya kupigiwa.

"Umekatika," ilisema sauti ya Bibi Chaki, "au umekimbia?"

"Nimekatika, mama."

Sindano alitaka kuapa. Alifungua mdomo, akakumbuka kwamba wanaoapa ni wale waliokimbia kweli, aliwaona darasani kila siku. Akaufunga.

"Haya," alisema Bibi Chaki. "Nimeiweka simu karibu na kompyuta. Wenzako wanakusikia, na wewe utawasikia. Swali ni lile lile, kwa nini paka amejificha. Umenyoosha vingapi?"

Sindano alitazama mkono wake wa pili. Kidole kilikuwa juu, pale mbele ya kibanda cha kinyozi, na hakukumbuka alikinyoosha saa ngapi.

"Kimoja."

"Sema."

"Alivunja kikombe," alisema Sindano. "Akanyamaza."

Upande wa pili karatasi ziligeuzwa.

"Kitabuni hawakuandika kwamba alinyamaza."

"Hawakuandika, mama."

"Paka atasemaje?" Wengine walisikika wakicheka kwa mbali, na kicheko kile hakikuwa kama cha siku ile. Bibi Chaki alingoja kiishe. "Lakini jibu nalipokea. Tunaendelea, ukurasa wa pili. Na wewe wa kwenye simu, ukurasa wa pili una picha ya mama ameshika ufagio, na kabati limefunguliwa kidogo. Umeshaiona?"

"Nimeiona."

Alifundishwa kipindi kizima akiwa amesimama pale kwenye ngazi, simu sikioni, jua likimpiga upande mmoja wa uso. Kila ukurasa ulipogeuzwa Bibi Chaki alimweleza picha kabla ya kusoma, na mara mbili alimwuliza swali bila kumpa nafasi ya kujiandaa. Binti yake alikuwa amemfuata, amekaa chini ya ngazi, bado ameziba mdomo. Mteja wa kinyozi aliondoka akiwa amekamilika, akaingia mwingine.

Mwishoni alimsikia mkufunzi akisema, kwa sauti ya mbali kama mtu aliye ndani ya kopo, kwamba watoto walioanza kipindi ndio waliomaliza, na hakuna aliyepotea. Angempigia mwalimu mkuu sasa hivi, barua itoke dawatini irudi kwa mwenyewe. Wenzao walipiga makofi. Mwalimu wa darasa la kwanza alisema jambo ambalo halikusikika vizuri, na mtu akamwambia azime maji yanayomwagika nyuma yake. Waliaga mmoja mmoja.

Sindano hakukata simu. Alisikia kiti kinavutwa, kisha pumzi karibu na sikio lake.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Kipindi kimekwisha. Kwa nini hujakata?"

"Hujaniruhusu, mama."

Sindano alingoja. Kama angeambiwa neno lolote jema angelia pale pale mbele ya kinyozi, na kama angeambiwa baya angelia pia.

"Kesho unirudishie herufi zangu," alisema Bibi Chaki. "Zote. Na ile R." Akakata.

Sindano aliishusha simu. Mtandao ulikuwa umerudi, umejaa juu kabisa, kana kwamba haukuwahi kwenda popote. Aliutazama. Akamgeukia kinyozi, akamwonyesha kioo cha simu.

"Ilikuwa imekatika," alimwambia. "Sasa hivi tu. Ilikuwa imekatika kweli."

"Mimi nakuamini, mwalimu," alisema kinyozi, bila kugeuka, akawasha mashine yake.